Bingwa Aliyekunjwa Ndani ya Jalada

Kengele ya shule ile haikuwa kengele. Ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa nyuma ya jiko, na kila alfajiri mpishi aliigonga kama mtu anayedai haki yake. Wanafunzi wa darasa la saba, ambao wote walilala bweni kwa ajili ya mtihani, waliamka, wakafagia uwanja, wakanawa maji ya baridi ya Mbinga, yale yanayomkumbusha mtu dhambi zake zote kwa mpigo, kisha wakapanga foleni ya uji. Hapo kwenye foleni ndipo Bunge lilipofunguliwa. Hoja haikubadilika tangu Januari: kati ya Roger Federer na Rafael Nadal, nani bingwa mkubwa zaidi wa tenisi?

Upande wa Nadal uliongozwa na Florian, mtoto wa wakulima wa kahawa wa Maguu. Alisema mtu aliyetwaa taji la Paris mara kumi na nne kwenye uwanja wa udongo mwekundu hawezi kuwa mgeni. Huyo ni Mmatengo wa milima hii ya Mbinga aliyepotea njia. Aliukimbilia kila mpira, hata ule ambao wengine walikuwa wameshausindikiza kwa macho, kama vile mama yake Florian anavyochimba ngolo za kushika maji ya mvua kwenye mteremko wa shamba, shimo baada ya shimo, bila kuuliza jua limefika wapi.

Upande wa Federer uliongozwa na Musa, rafiki yake Florian wa kufa na kuzikana. Musa alijibu kwamba bingwa wa kweli hafanani na mtu anayelima. Federer alicheza kama fundi cherehani aliyebobea: mkono unapita, kitambaa kinafuata, jasho halionekani. Sumaiya, binamu yake Musa, aliinua kikombe kila asubuhi na kuwakumbusha kwamba Federer ana mataji makubwa ishirini, Nadal ishirini na mawili, na Djokovic ishirini na manne, hivyo hesabu imeshaamua kesi na watu wanywe uji. Hakuna aliyemsikiliza. Mwenye takwimu kwenye foleni ya uji ni mtu mpweke sana.

Mtu anaweza kuuliza watoto hawa walikutana wapi na tenisi. Walikutana nayo dukani kwa Mzee Ismail, baba yake Musa, aliyeuza khanga, sabuni na madaftari pale mjini. Ujanani mwake alikuwa akiokota mipira kwenye klabu moja kule Tanga, na mapenzi hayo hayakumtoka. Maduka mengine yalionyesha mpira wa miguu kwenye runinga. Yeye alionyesha tenisi. Wanafunzi walioruhusiwa kutoka Jumamosi kwenda kununua sabuni walisimama mlangoni, mwanzo wakivumilia, kisha wakipenda. Hatimaye walichonga raketi za mbao za makasha, na Mzee Masoudi, baba mdogo wa Musa, akawaletea kutoka kwao Lipingo, kando ya ziwa, wavu mkuukuu uliokwisha kustaafu kuvua dagaa. Ukafungwa katikati ya uwanja, ukaanza kuvua mipira.

Mwezi wa nane Mzee Ismail aliugua figo. Alipelekwa hospitali Songea, na duka likafungwa. Musa aliendelea kubishana kwenye foleni, lakini usiku ilikuwa habari nyingine. Yeye na Florian walilala kitanda kimoja cha ghorofa, Musa juu, Florian chini, na kila taa zilipozimwa Florian alisikia kitanda kikitetemeka taratibu. Alijua kwamba juu yake mtu analia chini ya blanketi. Hakumwambia yeyote. Hiyo ndiyo heshima kubwa aliyompa rafiki yake, na laiti angeishia hapo, hadithi hii isingekuwa na sababu ya kuandikwa.

Sasa, shule ile ilikuwa na amri: kila daftari livikwe jalada la gazeti, na lisilovikwa mwenyewe akafyeke majani. Florian aliomba gazeti kuukuu jikoni. Alipolifungua akakuta picha ya ile siku Federer alipocheza mara ya mwisho. Mabingwa wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi, bega kwa bega, wameshikana mikono, na wote wawili walikuwa wakilia.

Florian aliitazama sana. Kisha akaweka daftari lake la Kiswahili juu ya gazeti, akalisogeza kushoto, akalisogeza tena kidogo, akakunja. Nadal akazama ndani ya pindo la jalada. Juu ya daftari akabaki Federer peke yake, midomo imepinda, machozi yanamtiririka, kama mtoto aliyenyimwa andazi.

Ijumaa ukafanyika mdahalo wa darasa, na Mwalimu Albina, aliyesimamia midahalo, akakubali hoja ya foleni iingie darasani ili iishe. Musa alisema kwanza, na alisema vizuri. Alimalizia kwa sauti ya chini kidogo.

"Baba yangu husema, ukitaka kumjua bingwa mkubwa usihesabu vikombe. Mtazame mpinzani wake siku bingwa anapoondoka. Kama mpinzani anafurahi, huyo alikuwa mshindi tu. Kama anasikitika, huyo ndiye bingwa."

Darasa lilipiga makofi marefu. Florian akasimama akijua ameshindwa, na hakuna kitu kinachomharibia mtu akili kama kujua hivyo mbele ya watu arobaini.

"Maneno matamu," alisema. "Ushahidi uko wapi? Nadal alisikitika wapi?" Wakati akiuliza, kidole gumba chake kilikuwa juu ya pindo la jalada, juu kabisa ya ushahidi wenyewe. Akainua daftari. "Mimi wangu huu hapa. Bingwa wenu analia hadharani. Na si ajabu, maana hata mashabiki wake wanalia chini ya blanketi kila usiku. Mnilaze mimi kitanda cha juu, nimechoka kutikiswa."

Darasa likacheka. Halikujua linacheka nini. Lilicheka kwa sababu limechekeshwa. Musa alimtazama Florian kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta nyumba haipo. Akakaa, na mdahalo ukafungwa bila Mwalimu Albina kutangaza mshindi.

Jumapili, Florian aliporudi kutoka misani, alimkuta Mzee Masoudi amesimama mlangoni mwa bweni ameshika kofia mkononi. Hakuhitaji kuambiwa. Musa alikuwa akikunja nguo zake, akizipanga moja moja kwenye begi. Florian alisema pole. Musa alibeba begi akaondoka. Raketi yake ya mbao aliiacha kitandani.

Siku iliyofuata Sumaiya, naye akiwa ameitwa msibani, alikuja kuchukua ruhusa yake. Alimpita Florian hatua tatu, kisha akarudi.

"Musa amemwambia baba mdogo kwamba harudi shule," alisema. "Mtihani umebaki wiki tatu. Ameulizwa sababu, amenyamaza. Mimi ninaijua, na wewe unaijua."

Usiku huo kitanda cha ghorofa hakikutikisika. Florian alikuwa akikitamani kitulie. Sasa kilitulia, na hakulala.

Asubuhi alikwenda ofisini kwa Mwalimu Albina, akaamkia, akaweka daftari mezani na kulifungua pindo. Alieleza yote bila kujitetea. Mwalimu aliitazama picha nzima. Alimuuliza swali moja tu: kama pindo lile lilitokea kwa bahati mbaya. Florian akasema hapana, alilipima.

"Basi siyo mimi wa kuonyeshwa," alisema Mwalimu. "Kesho ni hitima ya Mzee Ismail. Utakwenda nami."

Walishuka milima na gari la shule hadi ziwani, kisha wakafuata ufuko hadi Lipingo, kwa ndugu za marehemu. Florian alikuwa amebeba maharage ya kwao Maguu, na kichwani alibeba hotuba aliyoikariri njia nzima. Walifika kisomo kimekwisha, sahani za pilau zinakusanywa. Wanaume walikaa kwenye mikeka uani. Ziwa lilikuwa nyuma yao, jeupe kwa jua. Florian alivua viatu, akawaamkia wazee mmoja mmoja, akasema poleni kwa msiba, akaenda kukaa pembeni mwa Musa. Musa hakusogea, wala hakumpa nafasi.

Hotuba yote ikapotea. Florian alilitoa daftari, akalivua jalada, akalifungua gazeti na kulitandaza juu ya mkeka, akilishika pembe ili upepo wa ziwa usilichukue.

Musa alitazama.

"Nadal naye," alisema.

"Naye. Analia kuliko mwenzake."

"Ulikuwa unajua?"

"Niliikunja mwenyewe. Uliposema maneno ya baba yako nilikuwa nimeishika."

Musa alipitisha kidole kwenye mikono ile miwili iliyoshikana. "Kwa hiyo Baba alisema kweli."

"Alisema kweli. Mimi ndiye niliyesema uongo. Na ile habari ya blanketi haikuwa yangu kuisema. Nisamehe, Musa."

Musa hakusema amesamehe. Alianza kulia, safari hii mchana kweupe, na Florian, aliyewahi kupewa biskuti na Mzee Ismail zaidi ya mara anazoweza kuhesabu, akalia pia. Wazee walitazama ziwa ili wasiwaaibishe. Mzee Masoudi alileta kikombe cha maji, akakiweka katikati yao, akaondoka. Baadaye Musa alikunja lile gazeti polepole, akalitia mfukoni mwa kanzu.

Jumatatu iliyofuata begi la Musa lilikuwa limerudi kitandani. Ijumaa Mwalimu Albina alifungua tena mdahalo, na Florian akasimama mbele ya watu arobaini bila ushahidi wowote mkononi. Alieleza alivyokunja picha na kwa nini. Hakuna aliyecheka. Musa alikuwa ametazama dirishani, lakini alikuwa akisikiliza.

"Mshindi sikumtangaza," alisema Mwalimu, "kwa sababu ushahidi haukutosha. Kumbe yule aliyekuwa na ushahidi wa mwenzake aliukalia. Watoto, uongo si lazima uuseme. Waweza kuukunja tu, ukaonyesha nusu iliyo kweli na kuficha nusu nyingine, na ukawa mwongo kamili. Na siri ya machozi ya mtu ni amana. Ukiitoa ili ushinde mabishano, unaweza kumuomba radhi, naye akakubali, lakini baba yake Musa amekwenda bila kusikia kwamba mwanawe ameshinda. Hilo Florian hawezi kulirudisha. Ndiyo maana ni bora mtu aseme kweli mapema."

Halafu akatangaza kwamba Musa ameshinda. Sumaiya alinyoosha mkono kuulizia Djokovic, akautazama uso wa binamu yake, akaushusha.

Jumatatu ya ukaguzi daftari la Kiswahili la Florian lilikutwa tupu, halina jalada. Alikuwa na magazeti mengine, lakini hakulivika. Mwalimu wa zamu akampa fyekeo. Alifyeka nyuma ya bweni mpaka jua likapanda. Alipoinua kichwa alimwona Musa anakuja, fyekeo lingine begani, ingawa daftari lake yeye lilikuwa na jalada.

"Bado ni Federer," alisema Musa, akaanza kufyeka upande wa pili.

Florian alitaka kubisha. Akainama, akaendelea na kazi.