Kitabu cha Sita

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya Adalbert jioni ile ni kubandika orodha kwenye mlango wa maktaba ya parokia, kule Cimpunda, mtaa wa Bukavu. Karatasi moja, vitabu sita vipya, na chini kabisa jina lake.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi watu wa mtaa waliisubiri karatasi hiyo. Adalbert alikuwa amefundisha fasihi chuo kikuu kwa miaka ishirini na sita. Alipostaafu, yeye na mkewe Emérence waliichukua maktaba, wakawa wanachagua vitabu vilivyotoka karibuni, vya kila aina, ili kila msomaji apate chake. Mwezi huu kulikuwa na kitabu cha mapishi ya sambaza, wale dagaa wa ziwani, riwaya ya msichana wa Sange juu ya mafuriko, mashairi ya muuguzi mmoja, historia ya barabara ya Uvira, na hadithi za watoto kuhusu kinyonga mvivu. Kila kimoja alikiandikia mistari mitatu: kinahusu nini, kinamfaa nani, kina kasoro gani. Kasoro hakuzificha. Ndiyo maana walimwamini.

Cha sita hakukisoma.

Zamani kitabu hakikuingia kwenye orodha mpaka yeye au Emérence awe amefika ukurasa wa mwisho. Lakini Emérence alizikwa miezi minane iliyopita, na tangu hapo Adalbert aliweza kusoma ukurasa mmoja mara nne asijue umesema nini.

Kitabu hicho kililetwa Jumanne na mwanamke asiyemfahamu. Mvua ilikuwa ikimwagika nje. Kitenge chake kilikuwa kikavu. Alinuka majivu yaliyomwagiwa maji. Aliweka mezani nakala tatu zenye jalada la kijivu, bila jina la mwandishi.

"Papa, miye niko mugeni," alisema kwa sauti ya chini. "Siko na mutu wa kunijulisha. Weye, watu banakusikiaka."

Ombi lile Adalbert alilielewa. Bukavu mtu hapangi chumba, hapati kazi, wala hapokelewi katika kikundi cha akina mama, bila mtu anayejulikana kusimama na kusema: huyu namjua. Yeye mwenyewe alikuwa amewasemea wengi. Akadhani anayeombewa ni kitabu. Alikuwa amechoka, akamuuliza aandike nini. Mwanamke akamtajia polepole, kama mwalimu wa imla, naye akaandika: Kinaingia nyumbani kama ndugu. Mpeni nafasi. Hakina kasoro.

Sasa orodha ilikuwa mlangoni. Watu waliipiga picha kwa simu na kuwarushia jamaa zao, kama kawaida. Nakala za kijivu zilikuwa zimeondoka tangu mchana, hata kabla ya orodha: moja kwa Delphin seremala, moja kwa Adélaïde mshonaji. Ya tatu hakuona imechukuliwa na nani.

Alikuwa anafunga kufuli aliposikia.

Pu. Pu. Pu.

Kama mtu anayepigilia msumari kwenye ubao uliolowa. Kisha mwanamke mmoja wa mtaani akapiga yowe.

Sauti ilitoka karakana ya Delphin, chini ya ngazi. Adalbert alimkuta amepiga magoti juu ya kifua cha Patrice, mdogo wake, nyundo mkononi. Uso wa Patrice ulikuwa umeingia ndani. Wanaume watatu walimvuta Delphin kwa nyuma. Aliinuka nao wote watatu mgongoni, akapiga tena mara moja, kwa uangalifu, kama anamalizia kazi. Ndipo akamwona Adalbert. Akatulia.

"Papa, si ni weye ulisema tumupe nafasi?" aliuliza kwa upole. "Patrice alikatala kumutolea kitanda."

"Kumtolea nani?"

"Mugeni."

Kitabu kilikuwa kwenye maranda, kimefunguka. Ukurasa wa kwanza ulibeba ile mistari mitatu, imepigwa chapa, na jina lake chini yake. Kurasa nyingine zote zilikuwa nyeupe na zenye unyevu.

Zilinuka majivu.

Adalbert alikimbia kwa Adélaïde. Mlango ulikuwa wazi. Gurudumu la cherehani lilikuwa bado linazunguka... taratibu... likasimama. Mume wa Adélaïde alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, mkasi umezama shingoni mpaka kwenye vishikio. Alijaribu kusema kitu; yalitoka mapovu tu. Adélaïde alikuwa anatandika shuka safi, mikono myekundu mpaka viwikoni.

"Mugeni iko njiani," alinong'ona bila kugeuka. "Papa, usimuambie nyumba iko chafu."

Adalbert aliwaita majirani, akabana kitambaa kwenye shingo ya yule mtu mpaka wengine walipofika. Na hapo, damu ikimpita kati ya vidole, akakumbuka asubuhi. Aimée, binti yake, mtoto pekee aliyebaki naye nyumbani, alimmiminia chai na kusema atamsomea kitabu kimoja kati ya vipya, kama mama alivyokuwa akifanya, ili yeye apumzike kidogo.

Hakumuuliza kipi.

Alipanda ngazi zote za mtaa akikimbia, yeye wa miaka sitini na nane. Umeme ulikuwa umekatika. Nje ya mlango wake alisimama kuvuta pumzi, akasikia sauti mbili ndani. Moja ilikuwa ya Aimée.

Alisukuma mlango.

Mwanamke alikuwa amekaa kwenye kiti cha Emérence. Amevaa kitenge cha Emérence, kile walichomzika nacho, na pindo lake lilikuwa na udongo. Aimée alisimama karibu naye na kisu cha jikoni.

"Papa, amesema hii nyumba iko ya watu wawili tu," alisema. "Weye ulimuandikia. Sasa nani atatoka?"

Akaja.

Adalbert alikinga kwa kiganja. Kisu kilipenya, kikatokea upande wa pili. Aimée alikichomoa, akamsukuma kwenye kabati kwa nguvu isiyo yake. Vyombo vikammwagikia mabegani, jino likamvunjika. Alipofumbua macho, ncha ilikuwa chini ya kidevu chake na mwanawe alikuwa analia bila kubadilisha sura.

"Simjui," Adalbert alisema. "Huyu simjui."

Mwanamke alicheka kidogo kitini. "Ulinijulisha, papa. Mbele ya watu."

Majirani walikuwa wamejaa mlangoni na tochi za simu. Wasomaji wake. Ncha ilianza kuingia. Kitu pekee alichobaki nacho Adalbert tangu msiba ni kwamba watu wale waliliamini neno lake, na sasa aliwageukia wao.

"Sikukisoma," alisema kwa sauti ya darasani. "Kile kitabu sikukisoma. Niliwaandikia uongo."

Kisu kilianguka.

Aimée akaanguka juu yake. Mwanamke alisimama, akakung'uta pindo, akapita katikati ya watu. Wote walijibanza kando kumpisha. Baadaye hakuna aliyekubali kwamba alimwona.

"Humu nimetoka," alimnong'oneza Adalbert alipokuwa anapita. "Humu tu."

Patrice alikufa kabla ya mapambazuko. Mume wa Adélaïde aliishi, lakini bila sauti. Aimée alilazwa, akalala usingizi mzito, asikumbuke kitu.

Asubuhi Adalbert, mkono umeshonwa na kufungwa, aliichana orodha pale mlangoni. Kisha akatazama simu yake. Picha ya orodha, pamoja na ile mistari mitatu, ilikuwa imefika mbali. Ya kwanza ilikuwa imekwenda Nyantende, nje ya mji, kwa Constance, mdogo wa Emérence, ambaye alisoma chochote alichokipendekeza shemeji yake. Alimpigia mara tatu. Haikupokelewa. Akapanda pikipiki ya kukodi.

Uani kwa Constance palikuwa pamefagiwa. Adalbert alibisha, na kabla ya salamu akasema yale aliyokuja kusema: kitabu kile hakukisoma, wasimpokee mtu.

Mlango ulifunguka kidogo tu. Constance alikuwa amevaa vizuri, kama wa kwenda misa. Alitabasamu, kidole midomoni.

"Alisema utakuja kusema vile," alinong'ona. "Punguza sauti, shemeji. Amelala."

Nyumba ile ilikuwa na watoto wanne. Hakusikika hata mmoja.

Adalbert alisukuma mlango kwa mkono wake mzima, akaingia.