Mkono wa Mpimabongo

Mkono wa chuma ulitoka ukutani taratibu, umeshika glasi ya maji, ukasimama mbele ya Butoyi bila kumwaga hata tone.

“Karibu, mtahiniwa,” ilisema mashine. “Kunywa, utulie, kisha eleza utafiti wako.”

Jiji zima la Ruvu Mpya lilijivunia mashine hiyo, Mpimabongo. Ndiyo iliyogawa ufadhili wa watafiti, unaotokana na kodi ya kila mkazi. Haikuambiwa jina la mtu wala uraia wake. Mahakama ilikwisha kupiga marufuku kuuliza hayo. Ilipima hoja tu, ikawasha taa: kijani umefaulu, nyekundu umeshindwa.

Butoyi aliitazama glasi, hakuigusa. Mwaka jana alikaa kiti hiki hiki, akaeleza kitambaa hai alichokibuni, chenye vijidudu vinavyokula chumvi ya maji ya kisima. Taa ikawaka nyekundu. “Wazo halijakomaa.” Sasa maabara yake ilikuwa karibu kufungwa, na mtaa wa Kambini, alikozaliwa na wazazi waliovuka ziwa wakikimbia vita, ungali unakunywa chumvi.

“Shoga, una mkosi. Kaoge baharini,” alimtania Tekla, mwenzake wa maabara, raia wa kuzaliwa, mwaka jana baada ya taa ile nyekundu.

“Mkosi wangu peke yangu? Tangu mashine hii ije, nani wa Kambini amewashiwa kijani?”

Kicheko kikamkauka Tekla. “Lakini haioni vitambulisho!”

“Basi niambie: mashine ya kupima akili, mkono wa kugawa maji ni wa nini?”

Swali hilo liliwanyima raha, hadi siku moja Tekla alipompa Butoyi sahani ya mihogo, akamwona akiipokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko. Ndivyo wapokeavyo watu wa ng’ambo ya ziwa. Mtoto wao hufundishwa hivyo kabla hajajua kusema asante.

“Butoyi,” Tekla alisema polepole, “hebu rudia hapo.”

Ndiyo maana leo Butoyi aliikwapua glasi kwa mkono mmoja, kama mtu asiyefunzwa na mama. Akasema maneno yale yale ya mwaka jana, hakubadili hata moja.

Taa ikawaka kijani.

Profesa Likoko, mkuu wa ufadhili, alitoka chumba cha mitambo akipiga makofi. “Hongera, binti yangu!”

“Maneno haya mliyakataa mwaka jana, Profesa. Kilichobadilika ni mkono.”

Makofi yakakoma. Profesa akaurudisha mlango.

“Sikiliza. Kila nyumba hulisha watoto wake kwanza. Bungeni tulilisema hilo, tukashindwa. Mahakamani, tukashindwa.”

“Mkaja kulificha kwenye glasi.”

“Si umeshapata, mama? Kesho utarudia hoja yako jukwaani, mbele ya jiji zima. Pokea, shukuru, ukawasafishie watu wako maji. Au fungua mdomo, uone nani atakuamini.”

Butoyi hakulala vizuri. Alikwisha kupata alichokitaka. Kilichobaki ni kunyamaza.

Kesho yake ukumbi ulifurika. Mpimabongo ilikuwa jukwaani, inang’aa, na Tekla alikaa mstari wa mbele, vidole vimefumbatana. Mkono wa chuma ukanyooka na glasi. Butoyi akasogea kwenye kipaza sauti.

“Jana niliwashiwa kijani. Leo nasema yale yale. Tazameni mkono wangu, kisha tazameni taa.”

Akakunja magoti kidogo. Akashika kiwiko cha kulia kwa mkono wa kushoto, akapokea kama alivyofundishwa na mama yake. Kisha akaieleza hoja yake yote, neno kwa neno.

Nyekundu.

“Wazo halijakomaa,” ilisema mashine, kwa sauti yake ya upole.

“Zimeni!” Profesa alipiga kelele. “Zimeni hiyo!”

Hakuna aliyeinuka. Watu wote walikuwa wakiitazama mikono yao wenyewe.

Butoyi akainua glasi, akanywa yote. Maji yalikuwa baridi, hayana chumvi hata kidogo.