Ncha ya Uzi wa Ndahani

Wakili alipotamka maneno "Jamhuri dhidi ya Ndahani," dari yote ya mahakama iliwaka.

Kwanza ulionekana uzi mmoja wa dhahabu, mnene kama mkono wa mtu mzima, ukianzia juu ya kiti cha jaji. Kisha ukagawanyika, ukagawanyika tena, mpaka nyuzi elfu kumi na moja za nuru zikaujaza ukumbi. Kila uzi ulikuwa kesi moja, na kila kesi ilikuwa mtu aliyewahi kusimama kizimbani mahali fulani kati ya Kigoma na Mombasa. Mama mmoja kwenye benchi la nyuma alisahau kufunga mdomo.

Perpetua Chiwanga, fundi wa mtambo, alikuwa ameyaona hayo kwa miaka tisa, na bado mwili ulimsisimka.

Mtambo wenyewe uliitwa Mfumanyuzi, fahari ya Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho hapo Dodoma. Kazi yake ilikuwa kuonyesha jambo ambalo zamani mawakili walilibeba vichwani tu: kwamba hukumu haisimami peke yake. Jaji akiamua jambo jipya leo, majaji wa kesho humfuata, na uamuzi huo huitwa rejea. Mfumanyuzi ulisoma kila hukumu na kuipepeta kama mchele kwenye ungo. Punje, yaani kanuni iliyoamuliwa, ilisokotwa kuwa uzi. Makapi, yaani maneno mengine yote, yaliwekwa kando.

Hakuna punje iliyozaa kama ya Ndahani. Miaka thelathini na nne nyuma, polisi walitumia kisomafikra, kofia ya nyaya nyembamba iliyochota kumbukumbu kichwani mwa mtu na kuzitupa ukutani kama sinema. Simbo Ndahani, fundi wa pampu za maji, alivishwa kofia hiyo kwa nguvu aliposhtakiwa kumuua mlinzi wa kisima. Mahakama ikasema kichwa cha mtu ni nyumba yake ya mwisho, na haiingiwi bila hodi wala bila karibu. Tangu hapo, askari akimkamata mtu humwambia kwanza, "Unayo Ndahani yako." Hata watoto mtaani, wakiulizwa nani kalamba sukari, hujibu "Ndahani!" na kutimua mbio.

Mchana ule, mahakama ilipoahirishwa, maseremala walikisogeza kiti cha jaji ili wakaze ubao uliolegea. Perpetua akapita nyuma yake, mahali ambapo hakuwahi kupita. Akasimama.

Kila uzi ulikuwa na ncha mbili. Ya kwanza ilifungwa kwenye kanuni, ya pili kwenye hatima ya mtu: fundo la kijani kwa aliyeachiwa, la buluu kwa aliyefungwa. Ncha ya pili ya Ndahani, uzi mnene kuliko zote, ilikuwa ikining'inia bila fundo.

"Unatafuta chawa kwenye kichwa cha tembo, fundi?" aliuliza karani Hozza, akiwa na funguo mkononi na njaa tumboni.

"Ncha ya Ndahani haijafungwa."

"Hitilafu hiyo. Ipige kijani twende tukale. Yule si alishinda? Nani asiyejua kwamba alishinda?"

"Uliisoma hukumu yenyewe?"

"Mimi? Nimeinukuu mara mia!"

"Sikuuliza kuinukuu, kaka. Nimeuliza kuisoma."

Hozza alicheka. Kisha akaacha kucheka.

Perpetua hakuwa mtu wa haraka. Sheria hakuisomea popote. Aliiokota kidogo kidogo, akiwa chini ya dari hiyo na bisibisi mkononi. Kesho yake aliomba nakala ya karatasi, akaianza ukurasa wa kwanza, kidole chini ya kila mstari. Punje iliishia ukurasa wa sitini na moja. Hapo ndipo mawakili wote walipokoma, na kwa hukumu hii mtambo nao ulifundishwa kukoma hapo hapo. Yeye akaendelea. Ukurasa wa mia moja na kumi na nne, ambao ulikuwa wa mwisho, ulisema:

"Hata hivyo, ukiondoa picha za kisomafikra, bado ipo spana yenye damu iliyokutwa kwa kaka wa mrufani. Spana hiyo yatosha. Rufaa inatupwa. Kifungo cha maisha kinabaki."

Alisoma mara tatu. Mtu aliyewapa wote mlango alikuwa ameachwa nje.

Na spana ilipatikanaje? Jibu lilikuwa ukurasa wa ishirini. Polisi walijua pa kuitafuta kwa sababu waliiona kwenye picha za ukutani. Perpetua akakumbuka rejea nyingine, ya Kitundu, iliyokuja miaka kumi na miwili baadaye: kitu chochote kilichopatikana kwa kuingia kichwani mwa mtu nacho si ushahidi. Uamuzi huo ulimtaja Ndahani mara arobaini. Kitundu alikwenda kulala kwake siku ile ile. Dhidi ya Ndahani hakukuwa na ushahidi mwingine. Uzi wa Kitundu ulipita shubiri moja tu kutoka kwenye ncha ile iliyoning'inia, na katika miaka ishirini na miwili hakuna aliyeziunganisha.

Siku ya tatu mahakama haikuketi, naye asubuhi akaenda gerezani.

Mzee aliyeletwa alikuwa mfupi, mikono yake mikubwa ikiwa na makovu ya kazi. Bado alitengeneza pampu za gereza.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Mimi ni fundi wa mahakama."

"Fundi mwenzangu, kumbe! Basi kaa." Akamsogezea kigoda. "Zamani mahabusu wapya wakiletwa, nilikuwa nasikia askari anasema, Ndahani, Ndahani. Mimi nasimama, naitika naam. Wenzangu wanavunjika mbavu. Ilinichukua mwaka kujua kwamba siitwi mimi."

"Hukuandika tena mahakamani?"

"Niliandika mpaka kalamu zikachoka. Wakajibu, rufaa zako zimeisha. Wakili wangu naye akafariki. Mwisho nikasema, acha nitengeneze pampu."

Perpetua alimweleza habari ya ncha, ya spana na ya Kitundu. Mzee alisikiliza kama anayesikiliza pampu yenye kasoro, kichwa kimeinama.

"Hujaniuliza kama nilimuua yule mlinzi," alisema hatimaye.

"Hiyo ni Ndahani yako, babu."

 Mzee akageuza uso ukutani, akapangusa macho kwa kiganja.

Fundi hana sauti mahakamani, isipokuwa sentensi moja. Kila asubuhi, kabla ya kesi ya kwanza, husimama na kusema, "Nyuzi zimekaa sawa, Mheshimiwa." Asipoitamka, hakuna kesi inayoanza. Perpetua aliitamka kwa miaka tisa, ncha ile ikining'inia nyuma ya kiti. Jambo hilo lilimuuma kuliko ukurasa wa mwisho.

Siku iliyofuata Jaji Kemilembe aliketi, akatikisa kichwa kumruhusu.

"Nyuzi hazijakaa sawa, Mheshimiwa."

Mawakili waliinua vichwa. Hozza alifumba macho.

"Rudia, fundi," jaji alisema polepole.

"Nyuzi hazijakaa sawa. Upo mmoja usio na mwisho. Uko nyuma yako."

Jaji Kemilembe, ambaye alikuwa amehukumu kesi mia tatu kwa rejea hiyo, aliinuka, akakisogeza kiti kwa mikono yake mwenyewe, akatazama. 

"Leteni hukumu," alisema. "Yote. Na huyo mzee aletwe."

Aliletwa kesho yake. Alipovuka kizingiti, kesi yake ikatajwa, na dari ikawaka. Simbo Ndahani alisimama katikati ya ukumbi, akazitazama nyuzi elfu kumi na moja zikitoka kwenye jina lake.

"Hawa wote ni watu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wote, babu," Perpetua alijibu, ingawa hakuruhusiwa. Hakuna aliyemkemea.

"Na walikwenda kwao?"

"Wengi."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama anayehesabu wageni waliokula wakashiba. Karani Hozza akasogea mbele kusema maneno ambayo kila anayepanda kizimbani lazima aambiwe. Akakohoa, akaanza.

"Unayo... unayo Ndahani yako, mzee."

"Naam," mzee aliitika, na safari hii hakuna aliyecheka. Akashika ukingo wa kizimba kwa mikono yake mikubwa. "Leo naiacha mlangoni. Miaka thelathini na nne watu wanalisema jina langu. Sasa naomba niseme mimi."

Jaji Kemilembe akaweka kalamu chini.

"Karibu," alisema.