Moshi wa Chini ya Nyumba

Ilikuwa Machi. Wakulima wa mahindi walikuwa wanachoma mashamba, na milima yetu ya Mae Chaem, kaskazini mwa Thailand, haikuonekana. Namfon, mtoto wa miaka sita, alikohoa zaidi kuliko alivyozungumza.

Mama yake, Wilai, alimvutisha dawa ya pumu kama alivyoelekezwa kliniki. Dawa ilisaidia, lakini kifua kilibana tena.

"Nimeamua," Wilai alimwambia mama yake wakila wali wa kunata. "Namfon anakwenda kwa dada huko Trang, kusini. Kuna bahari, hakuna moshi. Atakaa huko, asome huko."

Bibi Khampan aliacha tonge mkononi. Alikuwa akilala chumba kimoja na mjukuu huyo tangu mtoto alipoachishwa ziwa.

"Trang? Watu wanaokula pilipili kama wendawazimu! Mtoto atakufa njaa."

"Hapa atakufa kwa kukosa pumzi, mama."

Bibi alirudisha tonge sahanini. Roho ilimuuma.

Nyumba zetu za mbao, zilizoinuliwa juu ya nguzo, hazifichi siri. Jirani yao Orathai, mhudumu wa afya wa kijiji, alisikia yote akapanda ngazi.

"Shoga, kabla hujampeleka, tumtengenezee chumba chenye hewa safi."

"Kwa mashine zile za matajiri?"

"Kwa feni yako hiyo ya boksi."

Orathai alileta chujio la karatasi iliyokunjwakunjwa, la mraba, kubwa sawa na feni. Walifuta feni vumbi. Kisha Orathai akaliweka chujio nyuma, upande unaovuta hewa.

"Ona mshale huu pembeni. Unaonyesha hewa inakoelekea. Lazima uelekee kwenye feni."

Wilai alibandika tepu kingo zote nne.

"Usiache upenyo," Orathai alisema. "Hewa ni mvivu, hupita penye njia rahisi. Na dawa ya mtoto msiache. Chujio hunasa vumbi laini la moshi, haliponyi pumu. Mkitoka nyumbani, zimeni feni."

Walifunga madirisha ya chumba cha Bibi, wakawasha feni. Wote walikuwa na matumaini.

Siku chache tu zilipita, chujio likawa jeusi. Namfon bado alikohoa, hasa jioni. Wilai alianza kukunja nguo za mtoto na kuzipanga kwenye mfuko. Bibi alikaa kando akitazama.

Orathai alipoitwa jioni alishangaa. "Madirisha yamefungwa. Sasa moshi unatoka wapi?"

Alipiga magoti, akaweka kiganja sakafuni. Moshi ulikuwa unapanda katikati ya mbao. Sakafu zetu zina nafasi. Tunazipenda, kwa sababu upepo hupita na takataka tunazifagilia humo humo. Chini yake Bibi alikuwa akimfunga ng'ombe, na kila jioni aliwasha moto wa makapi ya mpunga kufukuza mbu. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

"Mama Khampan, huu moto ni wako?"

"Wa ng'ombe," Bibi alisema kwa ukali. "Mama yangu aliwasha, na bibi yangu aliwasha. Au mnataka mbu wammalize mnyama?"

"Mbu wanamla ng'ombe, mama. Moshi unamla nani?" Orathai aliuliza.

Namfon alikohoa. Bibi alimtazama, kisha akaitazama sakafu. Alishuka ngazi bila kumtazama mtu. Walisikia maji yakimwagwa na moto ukilia.

Aliporudi alikuwa amebeba mkeka wa plastiki. "Tandikeni huu. Bandikeni na kingo."

Ng'ombe alihamishiwa kibanda cha mbali. Bibi akampa chandarua chake cha zamani.

"Ng'ombe ndani ya chandarua kama bibi harusi!" Wilai alicheka.

"Cheka tu. Mbu hawamgusi."

Walibadilisha chujio. Nje moshi wa mashamba haukuisha, kwa hiyo Namfon alivaa barakoa akitoka, na alicheza zaidi chumbani. Chujio likibadilika rangi, waliweka jipya. Taratibu kikohozi kilipungua. Mtoto akaanza kuimba tena, na kelele zake zikamchosha kila mtu.

Dada yake Wilai alipiga simu kutoka Trang. Aliuliza ampokee mtoto siku gani. Wilai alimtazama mama yake. Bibi akanyakua simu.

"Haji," alisema. "Njoo wewe umwone. Lakini ukiingia chumbani kwetu, funga mlango."