Walivyoimega Njia ya Deodata

Ndugu zangu wa Kirushya, na ninyi wa kule Biharamulo mtakaosomewa haya na watoto wenu, kaeni kidogo mnisikilize. Hasa ninyi akina mama. Naandika moyo ukinidunda, kwa sababu msimu wa kulima umefika tena na majembe nayasikia kila upande.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa bado haujatoka migombani. Yuster alikaa mlangoni pa jiko akichambua maharage, na pale uani binti yake Deodata alikuwa anaupaka mnyororo wa baiskeli yake mafuta machafu ya pikipiki kwa unyoya wa kuku. Moshi wa jikoni ulipanda taratibu. Kwa jirani redio iliimba kwaya. Ungepita pale ungesema, hii nyumba Mungu ameikumbuka.

Deodata miguu yake haikumbeba tangu alipougua akiwa mdogo. Ile baiskeli ya matairi matatu, ya kuzungusha kwa mikono, aliipata kupitia parokia alipomaliza shule, na tangu siku hiyo hakutulia nyumbani. Mabega yalimpanuka kama ya mbeba mizigo. Wenzake walikwenda mjini kutafuta mambo, yeye mambo aliyatafuta vichochoroni na migombani. Alijua uyoga umeota wapi, kijito kipi kimekata njia, maharage ya nani yameanza kutoa maua. Jioni watu walikuja kumuuliza habari kama wanavyouliza mtu aliyetoka safari.

"Mama, mimi natoka," alisema siku ile.

"Unaenda wapi tena? Jana si ulikwenda?"

"Jana nilikwenda jana."

"Kuna utelezi, Deodata."

"Mama, wewe hata jua likiwaka unasema kuna utelezi."

Yuster akacheka, lakini roho ilibaki juu. Alikuwa mama wa namna hiyo. Aliogopa mteremko, aliogopa mvua, aliogopa ng'ombe wenye pembe na vijana walevi. Kwa ajili ya hofu hiyo walipatana jambo moja: kila kona Deodata apige kengele, na wenye nyumba wamwitikie. Basi Yuster hukaa na maharage yake akamfuata mtoto kwa masikio. Kengele ya kona ya migomba. Kengele ya kwa jirani Priscila, na Priscila anaitikia kutoka jikoni, "Haya mama, tumekusikia! Pita salama!" Halafu kengele ya mwisho, ya mbali, kwenye jiwe pana lililo juu ya bonde. Hapo ukikaa unaona vilima vimefuatana mpaka Burundi. Deodata alisema akiwa juu ya jiwe lile hakumbuki kama ana miguu au hana.

Sasa hiyo njia ya kwenda kwenye jiwe ilipita katikati ya migomba ya baba yake, Projestus. Zamani wanaume wanne waliipita wakiwa wamebeba mgonjwa kwenye machela na hakuna aliyekanyaga shamba. Lakini ninyi mnajua tunavyolima. Mtu akifika mwisho wa tuta, jembe haliishii pale. Linakwenda mbele kidogo, likamega ukingo wa njia, likapandwa maharage mstari mmoja. Msimu unaofuata tena. Hakuna anayeita huo wizi, maana njia haiwezi kulia. Projestus hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchapakazi, hakuwahi kumnyanyulia mke mkono, na binti yake alimpenda. Ila jembe lake lilikuwa halishibi.

Mchana huo Deodata alirudi tairi la kushoto limejaa tope.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba. Umelima nini na baiskeli?"

"Nimelima shamba lako, baba. Njia imekwisha pale chini. Tairi moja linapita kwenye maharage."

"Unakanyaga maharage yangu?"

"Maharage yamenikuta njiani, baba."

Projestus akacheka sana mpaka akaweka jembe chini. "Huyu mtoto angekuwa wakili! Sikiliza, binti yangu. Baiskeli si lori. Itapita tu."

"Baba Deodata," Yuster akasema, "mtu wa miguu anahitaji mstari mmoja. Yule anahitaji mitatu."

"Na mnakula nini, mistari? Hayo maharage unayochambua yameota wapi?"

Yuster akaendelea kuchambua.

Baada ya hapo shangazi Ildefonsa wa Runazi aliomba Deodata aende amsaidie kumenya mihogo, akaenda akakaa huko kwa muda. Simu ikipigwa, kicheko tu. "Mama, huku ni tambarare! Nazungusha mpaka mikono inasahau kuchoka!" Yuster alifurahi, na usiku akalala usingizi kamili.

Ni wakati huo Projestus alipopata tenda ya pombe ya ndizi kwa ajili ya harusi. Alihitaji shimo la kuvundikia mikungu. Nyote mnajua shimo hilo linavyochimbwa, refu kwenda chini, linapashwa moto, linatandikwa majani ya mgomba, ndizi zinapangwa, zinafunikwa na udongo mpaka ziive. Lakini shimo likichimbwa katikati ya shamba hula mizizi ya migomba. Projestus akatazama huku na huku. Pale ukingoni, kwenye kipande alichokuwa amekimega kutoka njiani, hapakuwa na mgomba wowote. Akachimba hapo. Jembe likazoea, likaingia na kwenye njia yenyewe. Kwa mwenye miguu ilibaki nafasi ya kutosha, alipita pembeni akishika mgomba.

Ndizi ziliiva, zikatolewa, harusi ikanywewa. Shimo likabaki wazi.

Dalili ilikuja, ndugu zangu. Dalili huwa zinakuja, sisi ndio tunazifukuza. Mbuzi wa Priscila aliangukia mle, akalia mpaka watu wakakusanyika. Walimtoa mzima, na ikawa kichekesho.

"Mbuzi wako Priscila amefuata harufu ya pombe!" mmoja akasema.

"Mwacheni, amekwenda kutafuta mchumba," Priscila mwenyewe akajibu, watu wakavunjika mbavu.

Yuster hakucheka. Alisimama kwenye ukingo akatazama chini, akaona lilivyo na kina. Jioni akamwambia mumewe, "Lifukie lile shimo. Mtoto anarudi."

"Nilifukie halafu nichimbe lingine kwa ajili ya Pasaka? Nitashughulika nalo, mama Deodata. Acha kunisumbua."

Na kweli alishughulika nalo. Akakata vijiti, akavilaza juu ya shimo, akatandaza majani makavu ya mgomba, akarushia udongo kidogo ili upepo usiyapeperushe. Kazi nzuri, safi. Kuku angepita juu yake. Yuster alipokwenda kuchota maji aliona pamefunikwa, akadhani limefukiwa, moyo ukatulia. Hakuinama kugusa. Laiti angegusa.

Deodata alirudi na gari la mihogo siku ya Ijumaa, baiskeli imefungwa juu kwa kamba, yeye amependeza, amenunuliwa kitenge na shangazi. Walikula, walicheka. Kesho yake mchana mawingu yalianza kujikusanya upande wa bonde, meusi ya chini, na kuku wakaingia ndani mapema. Deodata akautazama mlima.

"Nakwenda kwenye jiwe, mama. Nitarudi kabla ya mvua."

"Leo hapana. Ona mawingu."

"Nimekaa tambarare mpaka macho yamechoka kutoona chini. Nafika, nasalimia, narudi."

"Basi pitia barabara ya juu."

"Huko kuna pikipiki na vumbi."

"Deodata!"

"Nimesikia, mama."

Alisikia, lakini njia ya moyo wake ilikuwa ya chini. Yuster akachukua ungo akakaa mlangoni, masikio nje. Akasubiri kengele ya barabara ya juu. Iliyolia ilikuwa ya kona ya migomba. Akatikisa kichwa, akasema moyoni, mtoto huyu. Akasubiri ya kwa Priscila.

Kengele ikalia. Lakini haikulia mara moja ikaisha kama siku zote. Ililia, ikalia, ikalia bila kupumua. Akamsikia Priscila kwa mbali, kwa furaha kabisa, "Haya mama, karibu tena! Tumekusikia! Pita salama!" Akafikiri, kumbe wanafurahiana, si alikuwa hayupo. Kengele ikaendelea. Halafu ikanyamaza.

Tone la kwanza likagonga bati.

Yuster alisubiri kengele ya jiwe. Mvua ikashuka yote kwa pamoja, ile ya kwetu ambayo huoni hata jiko lako. Alijiambia amejikinga kwa Priscila. Alijiambia hivyo tena. Mara akajikuta amesimama, ungo umeanguka, maharage yametapakaa kwenye tope, naye anakimbia bila kanga ya kichwani.

"Priscila! Deodata yuko kwako?"

Priscila akachungulia mlangoni. "Hapana, amepita zamani. Alipiga kengele mpaka nikasema leo ana furaha."

"Ulimwona?"

"Nilimsikia, mama Deodata. Nilikuwa napika."

Wakatazamana. Hapo wote wawili wakajua.

Njia ile ilikuwa imegeuka mfereji. Zamani maji yalipita mtaroni kandokando, lakini mtaro ulikuwa wa kwanza kuliwa na jembe, kwa hiyo maji yote ya mlima yaliteremka njiani na kuingia kwenye shimo la Projestus kama yameelekezwa. Waliona tairi moja likitazama juu. Baiskeli ilikuwa imeingia kichwa chini, na Deodata chini yake, mkono wa kulia umebanwa kati ya mnyororo na ukuta wa shimo. Maji yalikuwa kifuani. Macho yalikuwa wazi, meno yanagongana, mkono wa kushoto bado umeshika kengele iliyojaa tope, haitoi tena sauti.

Yuster alipiga kelele ambayo wazee wa Kirushya wanasema hawajaisikia tangu vita vya ng'ambo ya mpaka. Watu wakatoka. Projestus alitoka alikokuwa na wenzake, akakimbia huku anauliza nini, nini, mpaka alipofika akaona ni wapi. Hakuuliza tena. Akajitumbukiza mle ndani, maji yakafika kiunoni, akakiinua kichwa cha binti yake kwa mikono miwili wakati wengine wanatafuta kamba. Alisimama hivyo muda mrefu, kwenye shimo lake mwenyewe, udongo wake ukimporomokea mabegani.

Deodata akamtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuua baba yule.

"Baba," akasema, "hapa palikuwa njia."

Walimtoa. Alipelekwa hospitali, akaishi, tumshukuru Mungu. Lakini kiwiko cha kulia kilisagika, na kilipopona kilipona kimekakamaa. Hakikunjuki. Na baiskeli ile haizunguki kwa mkono mmoja. Mnafahamu maana yake? Mikono ndiyo iliyokuwa miguu yake. Mtoto ambaye maradhi yalimwachia mikono, maharage ya mstari mmoja yakamnyang'anya.

Projestus alifukia shimo siku ile ile waliporudi. Kisha akang'oa migomba ya ukingoni, mikubwa, yenye mikungu, akairudisha njia kama ilivyokuwa wakati wa babu yake na zaidi. Sasa ni njia pana, nzuri, pikipiki mbili zinaweza kupishana. Asubuhi anatoka kuitazama, halafu anarudi. Majani yameanza kuota katikati, kwa kuwa aliyekuwa akiyasaga kwa matairi hapiti tena.

Deodata anakaa mlangoni pa jiko, anachambua maharage kwa mkono wa kushoto. Baiskeli imeegemea ukuta, mnyororo umeshika kutu. Kengele aliomba ifunguliwe, anayo pembeni mwa mkeka. Siku hizi akiigusa tu, hata kwa bahati mbaya, Priscila anatoka kwake mbio, mwiko mkononi, na nyumba zote za mteremko zinafungua milango. Wanamkuta amekaa.

"Naomba maji tu," anawaambia.

Juzi alikuwa amefumba macho, Yuster akadhani amelala. Kumbe anasikiliza. Kule chini, upande wa pili wa kijito, jembe la mtu lilikuwa linagonga, linagonga, na sauti yake haikuwa ya udongo laini wa shamba. Ilikuwa ya udongo mgumu, uliokanyagwa.

"Mama," akasema, "mwambieni huyo aache. Hiyo ni njia."

FUNZO

Wazazi wenzangu, tunawaogopea watoto wetu mto, nyoka na magari, tunasahau kutazama jembe lililoegemea ukuta wa nyumba zetu wenyewe. Njia si shamba ambalo mwenyewe hayupo. Ni ya mgonjwa anayebebwa, ya mjamzito, ya kipofu, ya mwenye baiskeli ya mikono ambaye hawezi kuruka pembeni akashika mgomba. Unapofika mwisho wa tuta lako, simama, na umfikirie huyo.

Shimo la ndizi ulichimbe ndani ya shamba lako, na ukimaliza kulitumia lifukie siku hiyo hiyo. Usilifunike kwa majani ili mkeo anyamaze. Na wewe mke, ukiambiwa limeshughulikiwa, inama uguse kwa mkono wako. Mbuzi akianguka, msicheke mkaondoka. Kaeni hapo hapo mfukie.

Na sote, tukisikia mtu anapita na kengele yake, tutoke nje tumwone kwa macho. Tusimwitikie tukiwa jikoni.