Kamera Iliyosema Karibu

Hebu fumba macho kidogo, uone kichochoro chembamba cha Mji wa Kale, jua la adhuhuri limesimama juu yake. Kuna baraza ya mawe, mlango wa mbao ulioegeshwa tu, na ndara za kikongwe zimewekwa kizingitini. Hakuna mtu. Hata paka amelala. Sasa sikiliza: juu ya mlango, katika kamera ndogo nyeupe, sauti ya mwanamke inasema kwa upole, "Karibu, pita ndani."

Swafia aliisikia kwenye simu yake, akiwa kazini Mbaraki. Sauti ilikuwa yake mwenyewe.

Kamera hiyo aliiweka kwa ajili ya mama yake, Bi Thureya, ambaye miguu ilikuwa imekataa na alishinda kitandani peke yake hadi jioni. Siku moja mtu aliingia mchana akabeba mtungi wa gesi. Swafia akataka kutia kufuli, mama akakataa katakata. Jirani akikuta kufuli atadhani amechokwa. Ndipo akaitwa fundi Kyalo, akaja na kamera za kuchagua. Moja ilitazama tu. Nyingine iliweza pia kusema, kila ilipoona kitu kinasogea mlangoni. Swafia akaipenda hiyo. Kyalo akamshauri arekodi onyo, kwamba anayeingia anaonekana.

"Nimwambie hivyo Bi Kadzo, anayemletea mama uji?" Swafia akamcheka. "Kwenu mgeni hupokewa na askari?"

"Kwetu mgeni huangaliwa kwanza, dada, ndipo akaribishwe," Kyalo akajibu, naye akicheka, akamshikia simu arekodi alichotaka.

Kwa hiyo siku ile kamera ilipokaribisha kichochoro kitupu, Kyalo alisema pengine ni kivuli cha nguo zilizoanikwa ghorofani. Swafia akaridhika. Lakini kesho yake, adhuhuri vilevile, ikakaribisha tena. Na jioni aliporudi, nyumba ilinukia udi, ilhali chetezo cha kufukizia kilikuwa rafuni, kikavu na baridi.

Akamuuliza mama nani alikuja.

"Mgeni wako," Bi Thureya akasema. "Mtu wa adabu. Hukaa hapo miguuni pangu, hasemi sana."

"Mgeni gani, mama?"

"Sijui jina. Nalisikia wewe wamkaribisha, nikadhani wamjua."

Swafia akatazama mwisho wa kitanda. Godoro lilikuwa limebonyea, na alipoweka kiganja pale, pakawa pa baridi kama sakafu ya msikiti alfajiri.

Siku zilizofuata mama hakugusa chakula. Mikono yake ikapoa, macho yakawa hayatoki mlangoni, na Swafia akawa hafanyi kazi ila kutazama simu chini ya meza, akiona baraza ile ile na ukuta ule ule, mpaka Alhamisi alipoona ndara za mama, ambazo hazikuvaliwa tangu mwaka jana, zikigeuka polepole bila mkono wa kuzigeuza, visigino vikaelekea ndani na vidole vikaelekea kichochoroni, kama za mtu anayejiandaa kutoka. Akakimbia nyumbani.

"Kesho nitakwenda kwake," mama akamnong'oneza. "Yeye keshakuja mara nyingi, Swafia. Ni aibu nisirudishe ziara."

Jioni hiyo Swafia alimwita Maalim Shee, aliyezoea kusomea wagonjwa mtaani. Maalim akasoma, akanusa hewa, kisha akamvuta Swafia kando.

"Kumfukuza siwezi," akasema kwa sauti ya chini. "Hakuvunja mlango. Umemkaribisha kwa kinywa chako. Muage kwa kinywa chako, umsindikize, wala usigeuke."

Swafia akafuta sauti yake kwenye kamera. Akasimama miguuni pa kitanda, akasema na mahali patupu: ahsante kwa kuja, ziara imetosha, mama hatoki. Kisha akatoka, na udi ukatoka pamoja naye, ukamfuata begani kupitia kichochoro, kupitia watu waliomwamkia asiweze kuwajibu, kupitia wauza vinyago waliokuwa wakifunga bidhaa zao karibu na Ngome ya Yesu, mpaka pale ukuta mkubwa unapoitazama bahari, ambapo akasema kwaheri huku meno yakimgongana, na harufu ikakatika. Hakugeuka.

Aliporudi, mama alikuwa akinywa uji, akilalamika hauna sukari. Swafia akalia kwa furaha, akaziingiza ndara ndani.

Wiki ikapita. Kisha adhuhuri moja, kazini, simu ikawaka. Baraza tupu. Kamera haikusema kitu, maana haikuwa na cha kusema. Ila kutoka mlangoni ikaja sauti ya upole, sauti ya Swafia mwenyewe.

"Hodi."

Akasikia kitanda kikilia ndani, mama akivuta pumzi ya kujibu.

"Mama, usijibu," Swafia akanong'ona katika simu, kamera ikaipeleka sauti yake hadi ndani. "Si mimi. Niko Mbaraki."

"Hodi," ikarudia. Kisha mara ya tatu, taratibu, kama mtoto aliyefunzwa vizuri. Mama hakuitika. Baada ya hodi ya tatu, haikubisha tena.

Bado huja, adhuhuri nyingine, na hubisha mara hizo tatu tu, kwa adabu ile ile. Basi nawe, mpendwa wangu, kumbuka jambo moja tu: hata sauti iwe ya mtu umpendaye, uliza kwanza ni nani, ndipo useme karibu.