Bibi Wawili na Ukungu

Sogeeni, sogeeni karibu. Hii ni ya Nakunda, aliyekwenda kwa bibi yake Upareni.

Nyumba ya Bibi ilikuwa mlimani, juu kabisa. Huko ndiko mawingu huja kupumzika.

Kila jioni ukungu ulishuka.
Polepole, polepole.
Ukafunika migomba. Ukafunika mapaa.
Shhh.

Bibi alikuwa na chungu cheusi. Kikubwa! Nakunda angeweza kujificha ndani yake.

"Kilikuwa cha mama yangu," Bibi alisema.

Siku moja alipika makande. Mahindi na maharage yakachemka pamoja.
Tokoto, tokoto, tokoto.

"Bibi, mbona tumepika mengi? Tuko wawili tu."

"Mama yangu alipika hivi hivi," akasema Bibi. "Kila aliyepita njiani aliitwa. Karibu, karibu, chakula kipo! Na mimi ndivyo ninavyopika."

Nakunda akatazama ng'ambo ya bonde. Aliona nyumba ndogo. Moshi mwembamba ulipanda kutoka jikoni.

"Kule anakaa nani?"

Bibi akakoroga makande. Akakoroga tena.
"Mdogo wangu, Nakiete. Ni bibi yako mdogo."

"Haji kula?"

"Haji."

"Kwa nini?"

"Naye alikitaka chungu hiki. Tukagombana. Mimi siendi kwake, na yeye haji kwangu. Ni zamani sasa. Mama yako alikuwa bado msichana."

Nakunda akafikiri. Makande yakachemka.
Tokoto, tokoto, tokoto.

"Bibi, huwa unamwita? Karibu, karibu, chakula kipo?"

Bibi akafuta macho kwa upande wa kitenge.
"Moshi huu!" akasema.
Lakini moshi ulikuwa unakwenda upande mwingine.

Bibi akatoka kwenda kuwapa mbuzi majani.

Nakunda akachukua bakuli. Akalijaza makande. Akalifunika kwa jani la mgomba.
"Nitampelekea mimi," akasema.

Akashuka njia ya bondeni, hatua ndogo ndogo. Bakuli lilimpasha joto kifuani. Kijito kilikuwa kinaimba.
Chururu, chururu.

Mara ukungu ukashuka.
Polepole, polepole.
Ukafunika migomba. Ukafunika mapaa.
Shhh.
Ukafunika na njia.

Nakunda akatazama mbele. Weupe mtupu.
Akatazama nyuma. Weupe mtupu.
Akatazama miguu yake. Ilionekana mbali, kama miguu ya mtoto mwingine.

Akakaa juu ya jiwe. Akalikumbatia bakuli.

"Bibiii!"

"Abeee!" sauti ikaitika kutoka juu.

"Abeee!" sauti ikaitika kutoka ng'ambo.

Nakunda akashangaa. Sauti mbili! Zilifanana kama punje za maharage.

"Bibiii! Siioni njia!"

"Kaa hapo hapo, nakuja!" ikasema sauti ya juu.

"Kaa hapo hapo, nakuja!" ikasema sauti ya ng'ambo.

Nakunda akakaa hapo hapo.

Fimbo ikagonga mawe upande huu.
Ko, ko, ko.
Fimbo ikagonga mawe upande ule.
Ko, ko, ko.

Kwanza kikatokea kitenge cha kijani. Bibi!
Akamkumbatia Nakunda, kwa nguvu.

Kisha kikatokea kitenge cha bluu. Alikuwa bibi mwingine, mfupi kidogo. Pua yake ilikuwa ile ile ya Bibi. Macho yake yalikuwa yale yale.

Bibi wawili wakatazamana.
Chururu, chururu, kikasema kijito.

"Nilisikia mtoto anaita," akasema Bibi Mdogo. Akainamisha kichwa. "Shikamoo, Dada."

Mdomo wa Bibi ukafunguka. Ukafungika. Ukafunguka tena.
"Marahaba, Nakiete. Marahaba, mdogo wangu."

"Shikamoo, Bibi Mdogo," akasema Nakunda. "Nimekuletea makande. Yamepoa kidogo."

Bibi Mdogo akafunua jani. Akaonja. Akafumba macho, akatafuna taratibu.
"Haya ni ya Mama," akasema.

Bibi akamshika mkono.
"Nakiete, chukua chungu. Kiwe chako."

"Mimi? Sikitaki tena, Dada. Kikubwa kile, nikipikie peke yangu? Na nani atakisugua?"

Bibi akacheka. Akacheka mpaka fimbo ikamponyoka.
"Basi njoo ule," akasema. "Karibu, Nakiete. Karibu, karibu, chakula kipo!"

Wakapanda mlima. Nakunda alikuwa katikati, mkono mmoja kwa Bibi, mwingine kwa Bibi Mdogo. Ukungu uliwapisha, kisha ukajifunga nyuma yao.

Wakala, wakashiba. Jirani mmoja alipita na mzigo wa kuni. Wote watatu wakamwita. Naye akala, akashiba.

Nje kulikuwa kweupe kwa ukungu.
"Hutaiona njia," Bibi akamwambia mdogo wake. "Lala hapa."

Kitanda kilikuwa kimoja. Bibi akalala ukutani. Bibi Mdogo akalala pembeni. Nakunda akalala katikati, kwenye joto.

Bibi wawili wakaanza kusimulia. Wakasimulia habari za mama yao, alivyoimba akitwanga mahindi. Wakasimulia alivyowaficha wote wawili ndani ya kanga moja, mvua iliponyesha.

Nakunda alisikiliza macho yakiwa yamefumba. Aliwaona wasichana wawili wadogo. Walikuwa wanakimbia juu ya mawingu, wameshikana mikono. Mama yao alikuwa anawaita waje kula.

"Nakiete," Bibi akanong'ona, "miguu yako bado ni ya baridi."

"Na wewe, Dada, bado unavuta blanketi."

Nakunda akacheka kidogo, katikati ya bibi zake.
Halafu akalala.